Vitabu Nilivyosoma: Je, Hadithi ni Uongo?



Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Musoma, kitabu mkononi, na upepo wa ziwa ukizifunua kurasa kabla sijazimaliza. Akapita mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mwema aliyewalea vijana wengi katika imani. Baada ya kuamkiana akaniuliza, "Mwalimu, wasoma nini?" Nikamjibu ya kuwa nasoma riwaya. Akatikisa kichwa, akasema, "Watu hao wa kitabuni wako wapi? Hawakuzaliwa wala hawakufa. Basi wewe unayewafundisha watoto amri za Mungu, yawaje unapoteza saa zako kwa uongo?"

Siku ile sikumjibu, maana sikuwa na jibu la kumfaa. Tangu hapo nimemaliza kusoma vitabu vinne, kila kimoja cha namna yake, na katika kila kimoja nalitafuta jibu la mzee wangu. Leo namjibu mbele yenu nyote.

Kwanza nakumbuka habari za nabii Nathani, zilizo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, na jinsi tajiri alivyomnyang'anya maskini yule mmoja wake. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri. Ndipo alipoambiwa ya kuwa amejihukumu mwenyewe. Tajiri yule hakuwako, lakini dhambi ilikuwako. Naye Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa hadithi ya Msamaria. Uongo husemwa ili mtu asione. Mfano husemwa ili mtu aone. Basi kila riwaya na tuipime kwa kipimo hicho.

Kitabu cha kwanza ni cha upelelezi, nacho ni "Mzimu wa Watu wa Kale", cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1960. Bwana Ali, mwenye mali na mashamba, aonekana ameuawa penye mzimu, na watu wengi wanaogopa hata kupatazama mahali pale. Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali mengi, haogopi. Auliza nani alikuwa wapi, na nani atafaidika. Sitawaambia mwisho wake, nisije nikawaharibia utamu. Lakini nilipokisoma nilifikiri sana habari za nchi zetu hizi za Ziwa, ambako akina bibi wazee wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na watu wakasema ni wachawi. Wekundu ule mara nyingi ni wa moshi wa jikoni, wa kuni na samadi, waliokaa nao tangu usichana wao. Laiti katika kila kijiji angekuwako Bwana Msa mmoja wa kuuliza, "Ni nani atakayelirithi shamba la bibi huyu?" Tusimsingizie shetani kazi ambayo mwanadamu ameifanya kwa mkono wake.

Kitabu cha pili ni cha mambo ya kale, na jina lake ni "Peponi". Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikiandika kwa Kiingereza, kikatolewa mwaka 1994. Na mwaka 2022 tukakipata kwa Kiswahili, kwa kazi njema ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, atolewa na baba yake awe rehani ya deni kwa tajiri Aziz, ambaye mtoto alidhani ni ami yake. Asafiri na msafara wa biashara mpaka bara, na huko nyuma Wajerumani wanazidi kuishika nchi.

Ninyi mlio na Mwanzo sura ya 37 na ya 39 mtamtambua mara moja: kijana mzuri wa sura, aliyetolewa na watu wa nyumbani mwake, na mke wa tajiri akamtamani. Lakini Yusufu wa Biblia alifika mahali pa kuwasamehe ndugu zake, na huyu wa riwaya hakufika. Kwa ajili hiyo kitabu hiki kiliniacha na huzuni, nami sikuweza kulala upesi. Nilihesabu moyoni nyumba ninazozijua, ambazo ndani yake mna binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, haendi shule, na mshahara wake wapokewa na mtu mwingine. Twamwita mwanetu. Je, si rehani?

Kitabu cha tatu ni cha maisha ya nyumbani: "Rosa Mistika", cha Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kufariki mwaka 2020. Kilipotoka mwaka 1971 wengi walikichukia, hata kikakatazwa shuleni. Baadaye kiliruhusiwa, wanafunzi wakakisoma darasani. Rosa apata barua ya kijana, naye Zakaria, baba yake, ampiga vibaya sana. Tangu siku ile ajua kumwogopa mwanamume, wala hajui jambo lingine. Apelekwapo shule ya mbali, ambako fimbo ya baba haifiki, hana kitu ndani yake cha kumlinda, naye apotea, na mwisho wake ni msiba.

Nasema wazi ya kuwa ndani yake mna mambo mazito, wala sikiweki mikononi mwa mtoto mdogo. Lakini wazazi na walimu wakisome. Zakaria alidhani amemlinda binti yake, kumbe alimjengea ua usio na nyumba ndani. Mtoto aliyelelewa kwa hofu tu, hofu ikiondoka, hubaki mtupu. Mkisha kukisoma, ketini na binti zenu mzungumze nao kwa upole habari zile ambazo Zakaria hakuthubutu kuzitamka.

Sasa nafika kwenye kitabu cha nne, nacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii ndefu.

Mtu akitoka Bunda hufika Kisorya, akavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, naye yumo Ukerewe. Huko, karibu nasi hivi, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 akasomeshwa na wamisionari. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ya watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, akaimaliza mwaka 1945. Hapakuwa na mtu wa kuipiga chapa kwa lugha ile. Hata uzeeni akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki, kabla nakala hazijamfikia mikononi. Miaka 35 alingojea, wala hakuitupa kazi yake.

Hadithi yenyewe ni ya zamani, kabla ya wageni kuja. Kuna kulima, kuvua, kupika, kutengeneza pombe ya ndizi, kuamkiana kwa adabu ndefu. Zimo pia dawa za waganga na mila ambazo sisi tumeziacha. Tuzisome kama habari za babu zetu. Lakini shina lake ni hili: Myombekere na Bugonoka wapendana, wala hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke, hata wazazi wake waja kumchukua. Myombekere aweza kuoa mwingine, na watu wamshauri hivyo. Hataki. Atoka nyumbani kwake, awafuata wakwe zake, aomba radhi, akubali kutozwa pombe, ahangaika mpaka ailipe, ili arudishiwe mke wake.

Wasomaji wangu, mimi na mke wangu tu katika mwaka wa tisa wa ndoa yetu, wala Mungu hajatujalia mtoto. Sijapata kuandika habari hii katika ukurasa huu. Mwaka jana ndugu zangu walikutana Bunda, nyumbani kwa baba mkubwa. Waliwahesabu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, wakauliza wamezaa nini. Mke wangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, akisonga ugali wetu sote, na kila neno alilisikia. Nami nalitazama chini, nikanyamaza. Nilijiambia moyoni ya kuwa kunyamaza kule ni upole wa Kikristo.

Basi nilipofika pale Myombekere anapofunga safari, nilikifunga kitabu. Mtu yule, ambaye hakupata kuisikia Injili, aliuacha mji wake akaenda kumwombea mkewe. Nami niliyebatizwa sikuweza kusema neno moja kwa ajili ya mke aliyekuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Hapo ndipo nilipojua jinsi Daudi alivyojisikia mbele ya Nathani.

Nilianza tena mwanzo, nikamsomea mke wangu kwa sauti kila jioni baada ya sala. Mara nyingi alicheka, hasa penye maneno ya adabu za ukweni. Tulipofika kwenye matusi ya ndugu alikaa kimya, kisha akasema, "Mwandishi huyu alikuwa jikoni pamoja nami." Nikamwomba radhi. Hakunijibu kwa maneno. Alisogeza taa karibu na kitabu, akaniambia niendelee kusoma.

Juma lililofuata nikaenda Bunda. Nikamwambia baba mkubwa, kwa heshima yote, ya kuwa ng'ombe wale walilipwa kwa ajili ya mke, naye mke ninaye. Sitamrudisha, wala sitaoa mwingine. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaagiza niletewe chakula. Zaidi ya hapo hakusema neno, nami sikumdai neno.

Katika hadithi, Myombekere na Bugonoka walipata watoto. Lakini Kitereza aliyeiandika, yeye na mkewe hawakubaki na mtoto aliye hai. Nalitafakari jambo hili mara nyingi. Mtu huyu aliwapa wengine, kwa kalamu, furaha ambayo yeye hakubaki nayo nyumbani, wala hakuandika kwa uchungu. Mke wangu na mimi hatujui Mungu ametuwekea nini. Twajua tu ya kuwa sasa tunangoja pamoja.

Tena, mzee wangu, kumbuka Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alikuwa mtu wa sala, naye alikuwa na nchi nzima ya kuitunza. Hata hivyo alipata saa za kufasiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili: habari za Julius Caesar mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Baadaye alizitia Injili katika tenzi. Mkono uliofasiri hadithi ndio ulioandika habari za Bwana, wala haukuona haya.

Wenye nyumba na walimu, nawaomba mambo matatu. Kitangulieni kitabu kabla hamjampa mtoto, mpate kujua kilichomo. Kisomeni kwa sauti jioni, mmoja akisoma na wengine wakifanya kazi za mkono, maana hadithi isikilizwayo na wengi huleta mazungumzo. Wala msiiache Biblia kwa ajili ya riwaya. Mtu hali kitoweo akaacha ugali.

Nawe mzee wangu, uliniuliza watu hao wa kitabuni wako wapi. Mmoja nilimkuta Bunda, ametazama chini mbele ya ndugu zake. Karibu barazani Jumamosi ijayo. Kitabu cha Kitereza ni kinene, nami nimekuwekea alama ya kuanzia.

Bwana awe nanyi nyote nyumbani mwenu.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Musoma