Njoo Mei

KIBARAZANI
Na Mwanasha Hamisi

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye mkahawa mmoja wa Diani nikimsubiri fundi wa friji, ambaye hadi leo sijamwona. Meza ya kando walikuwepo wazee wanne wa Kizungu: Mjerumani na mkewe, Mwingereza mmoja mgane, na Mswisi aliyejifunga kikoi juu ya suruali. Katikati ya meza palikuwa na daftari la hesabu, lile la viboksi. Mjerumani ndiye aliyekuwa karani.

Sikuwa natega sikio. Watu wakizeeka huongea kwa sauti, nami najua maana nimeshaanza.

Walikuwa wamekuja kwa miezi mitatu kupima kama Diani ni mahali pa kumalizia umri. Mama wa Kijerumani alitaja, mumewe akaandika. Msichana wa kazi, 15,000. Askari wa usiku, 18,000. Umeme, akaweka alama ya kuuliza. Dafu, 100. Hapo nilitamani kunyoosha mkono kama mwanafunzi: dafu ni 50, mradi usimpige muuzaji picha kwanza.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya benki hapa Ukunda miaka 19 kabla ya kustaafu mwenyewe, na daftari lile nimeliona kwa sura nyingi. Kuna waliolileta limepigwa chapa, kuna walioliandika nyuma ya bahasha. Wote waliniuliza maswali yaleyale, nami baada ya muda nikaacha kuwaona kama watu wanaohama nchi. Wanahamia bei. Bei ya nyama, bei ya kijakazi, bei ya jua. Sisi tunaoishi ndani ya bei hiyo ni kama miembe iliyokuwa kiwanjani wakati wa kununua.

Ubaya wa bei ni kwamba nayo huhama.

Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mzee mwenye dola 2,000 kwa mwezi alikuwa anapokea 320,000, na kwa hesabu hiyo akaandikiana mkataba wa nyumba, akaajiri mpishi, akamwahidi mpishi ada ya mtoto. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje, ili ianze kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Wenye fedha wakatulia, shilingi ikapata nguvu, na kufika katikati ya mwaka dola ilikuwa 129 hivi. Mzee yuleyule, dola zilezile: 258,000. Zimetoweka 62,000, nazo ni mpishi, msichana na askari kwa mpigo mmoja. Wenyeji tulishangilia maana petroli ilishuka kidogo. Upande wa pili wa kaunta yangu palikuwa kama matangani. Mmoja aliniomba nimuite meneja, kana kwamba meneja ndiye aliyekopa.

Nami siwacheki. Mwezi huo nilimwona mpishi mmoja akija kufunga akaunti ya akiba ya mwanawe.

Kisha kuna kibali. Kwa kanuni za uhamiaji za 2012, mgeni anayetaka kibali cha daraja K, kile cha mkaazi asiyefanya kazi, awe amepita miaka 35 na awe na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Mswisi aliisoma hesabu hiyo bila kushtuka. Mwingereza alitazama baharini. Pensheni ya serikali yake peke yake haifiki hapo hata ikilipwa kamili, ndiyo maana wengi wa kwao huishi nusunusu, miezi sita huku na sita kule, wakilipa kodi ya nyumba mbili ili wabane matumizi.

Zikaja siasa. Mama wa Kijerumani alitangaza kwamba wao siasa wamezikimbia, hawataki kuzisikia tena. Kilichofuata ni dakika ishirini za siasa. Mwingereza alisimulia jinsi serikali yake ilivyoondoa ruzuku ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi mwaka 2024, ikiwaachia wastaafu maskini tu, halafu 2025 ikawarudishia wengi baada ya kelele. Mjerumani akalaumu bei ya gesi. Mtu aliyevuka bahari kwa sababu ya bei ya gesi amehamishwa na siasa, atake asitake, lakini sikuwa nimealikwa kwenye meza.

Niliingizwa ghafla. Mama aligeuka, akanichekea, akauliza kwa Kiingereza kizuri kama mwaka 2027 "mtapigana tena". Neno hilo "tena" lilinikaa kooni. Nilijua anachokusudia: ameona picha za 2007 na 2008, na za Juni 2024 vijana walipoingia Bunge kwa ajili ya mswada wa fedha. Nikamwambia uchaguzi ni Agosti, waliozoea hukata tiketi ya Julai na kurudi Septemba. Aliandika. Sikumwambia mengine, na sasa najuta, maana yalikuwa ndiyo hasa.

Nisingemsimulia habari za Nairobi. Ningemwambia habari za Likoni, Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na majirani wa bara wakafukuzwa na kuuawa, hoteli za hapa zikafungwa moja baada ya nyingine, na marehemu baba akarudi nyumbani na sare yake ya uhudumu kwenye mfuko wa nailoni. Ningemwambia kwamba chini ya siasa zote za Pwani pana shamba. Ekari 930 za mwenye shamba mmoja, Waitiki, palepale Likoni, zilichukua miaka mpaka Januari 2016 ndipo waliozikalia wakaanza kupewa hati. Mtu anayetaka kujenga huku asianze kwa kuuliza nani atakuwa rais. Aulize kiwanja kilikuwa cha nani, na bibi yake nani amezikwa pale penye mbuyu.

Maana sheria yenyewe iko wazi kuliko madalali. Katiba ya 2010, kifungu cha 65: asiye raia hamiliki ardhi huku ila kwa kukodi, na kukodi kwenyewe kusizidi miaka 99. Sheria za ardhi zikafanyiwa marekebisho 2016: viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka ufukweni, mgeni hauziwi bila idhini ya waziri kwa maandishi. Ndiyo safu wanayoitaka wote. Basi pakazuka njia ya mkato ambayo kila mtu wa Ukunda anaijua: nyumba huandikwa jina la mchumba.

Hapo pesa, siasa na mapenzi hulala kitanda kimoja.

Mchumba wa Mswisi alifika saa tisa, kwa tuktuk. Yeye mzee ana miaka sitini na kitu, binti hajafika thelathini na tano. Alikaa, akasalimia meza nzima kwa kichwa, akanisalimia mimi kwa "shikamoo, mama", kisha akainamia simu. Wazee wakaendelea. Walikuwa wamefika kwenye mada ambayo wanaume wa umri ule huifikia wakishiba: kwamba wanawake wa kwao wamebadilika, wa huku bado wanajua kutunza. Binti alifungua mkoba bila kuinua macho, akatoa kile kijisanduku cha dawa chenye siku za wiki, akafungua Jumanne, akaweka vidonge viwili kwenye kiganja cha mzee na kumsogezea maji. Mzee akameza huku akisema. Hakumtazama, wala hakukatiza sentensi.

Nimewaona wote wawili hawa kwenye kaunta, mara nyingi, kwa majina mengine. Namjua mzee aliyejenga nyumba ya vyumba vinne kwa jina la mwenzake, akaenda kwao Krismasi, aliporudi kufuli ni geni na mlinzi ni mgeni. Hicho ndicho kisa wanachoambiana mezani, na ni cha kweli. Namjua pia dada aliyemuuguza mzee wa kiharusi miaka saba. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko. Mzee alipofariki watoto wakatua Ukunda na wakili, dada akatoka na masanduku mawili. Alikuja kwangu kuuliza kama ile kadi ya benki aliyokuwa akitumwa nayo sokoni bado inafanya kazi. Kisa hicho mezani hakifiki.

Siwezi kusema nani mnyonyaji. Mzee ananunua ujana na uuguzi kwa bei ya kikoi. Binti anauza miaka yake kwa matumaini ya hati. Wote wanapiga hesabu, ila mmoja tu ndiye huitwa mwenye tamaa. Na usidhani ni wazee wa kiume peke yao. Nimewaona mabibi wa miaka sabini na vijana wa ufukweni wenye nywele za kusuka, na mitaa inayowacheka hao huwaamkia wazee wa kiume kwa heshima zote.

Kitu kimoja ningemnong'oneza yule binti kama tungekutana msalani. Sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inahesabu mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, kulea, hata kule kukaa karibu na mwenzio. Vidonge vya Jumanne vimo. Lakini vimo kwa wanandoa. Mchumba wa miaka saba asiye na cheti huachwa na masanduku.

Wakati wa kulipa, Mwingereza ndiye aliyesema jambo lililonifanya niandike safu hii badala ya ile niliyokusudia ya bei ya sukari. Alimwambia Mjerumani kwa sauti ya chini: wewe pensheni yako hupanda kila Julai hata ukiishi hapa. Yangu, siku nikihamia Kenya, huganda.

Na ni kweli. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kila Aprili, kwa kiwango cha mfumuko wa bei, cha mishahara, au asilimia 2.5, kile kilicho kikubwa. Ukistaafia Ufaransa, Marekani, Ufilipino au Mauritius, inakufuata na kupanda. Ukistaafia Kenya, Tanzania au Afrika Kusini, inabaki pale ilipokuwa siku ulipohama, au siku ulipoanza kuipokea ukiwa huko. Aliyehama 2016 na pensheni mpya kamili ya pauni 155.65 kwa wiki, anapokea pauni 155.65 hadi leo. Jirani yake aliyebaki Uingereza, kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, amepata 230.25. Tofauti hiyo kwa mwaka ni zaidi ya shilingi laki sita. Annette Carson, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, aliipeleka kesi hii mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2010 akashindwa.

Nilichofikiria si yule mgane. Nilimfikiria dadangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeko Leicester. Ameuguza wazee wa Kiingereza tangu ujana wake, amelipa bima ya taifa lao kila mwezi, na miaka 35 inayotakiwa kwa pensheni kamili karibu aitimize. Atapokea kama mgane yule. Tofauti ni kwamba yeye akihamia Kenya anakuwa amerudi kwao.

Usiku nikafungua ujumbe wake wa sauti wa dakika nane, uliokuwa umekaa kwenye simu siku mbili. Jamani, nilicheka peke yangu gizani. Dada, askari wa usiku siku hizi analipwaje? Dada, uchaguzi ukija kutakalika? Dada, ile nyumba niliyomtumia kaka pesa, hivi hati iko kwa jina la nani? Na mwisho, kwa sauti nyingine, kama amefunga mlango: je, kuna mwanamume wa makamo huko asiyetafuta pasipoti? Mambo matatu yaleyale, daftari lilelile la viboksi, kwa Kidigo cha mtu aliyelelewa nyumba moja na mimi. Naye anahamia bei. Aliposema "mfanyakazi wa ndani huko ni rahisi" nilijiona nimekuwa mwembe.

Nilimpigia kesho yake. Uraia wake wa Kenya ameshaurudisha kwa katiba ya 2010, kwa hiyo shamba kwake halina kizuizi cha kifungu cha 65. Habari ya pensheni hakuijua. Alinyamaza, nikasikia birika likichemka upande wa pili, kisha akauliza: "Mauritius kuna Waswahili?"

Nikamwambia lile ambalo ningewaambia wale wanne kama wangenikaribisha kiti. Wote huja Disemba na Januari, wakati wa kaskazi, bahari imelala na maji ni ya kioo. Hapo ndipo watu hutia saini. Hakuna ajaye Mei. Mei ni kusi na masika pamoja: mwani umejaa ufukweni mpaka magotini na unanuka, nusu ya hoteli zimefunga, umeme unakatika jioni, barabara ya ndani ya Ukunda ni dimbwi, na shuka hazikauki. Mei ndiyo utakayougulia. Mei ndiyo utakayojua nani anakuja kukujulia hali bila kuitwa.

Kwa hiyo, dadangu, nyumba ya Leicester usiiuze kwanza. Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa, kodi sikudai, na tiketi ya Mei huwa nafuu kuliko ya Disemba.