Hesabu Haikukushinda, Ulikaririshwa

Kuna sentensi moja imefanya wasee wengi wachukie grafu: "Ndani ya mabano ni kinyume."

Unaijua y = x², ile bakuli imekaa kwenye sufuri. Ukiandika y = (x − 3)², unaambiwa bakuli inasonga kulia hatua 3. Kulia aje, na hapo kuna alama ya kutoa? Ukiuliza, jibu ni "kariri tu." Halafu ukisahau, unaitwa kichwa ngumu.

Zii. Chukua simu, fungua video unayoedit. Ichelewesha sekunde 3. Kicheko kilichokuwa sekunde ya 0 sasa kiko sekunde ya 3. Kwa hivyo ukitaka kujua nini inaonekana sekunde ya x, unarudi kwa video ya kwanza, sekunde ya x − 3. Hiyo ndiyo kutoa. Umechelewesha, kila kitu kimesonga kulia. Kinyume iko wapi?

Tuendelee. f(2x) ni kucheza video kwa kasi mara 2: ya sekunde 60 inaisha kwa 30. Ndiyo maana sin 2x inamaliza wimbi moja kwa digrii 180, si 360. Na 2f(x)? Umeongeza sauti. Wimbi linapanda na kushuka mara 2, lakini muda ni uleule.

Najua mtasema silabasi ni ndefu na darasa limejaa. Sawa. Lakini muda wa kujaza jedwali la sin x kutoka 0 hadi 360, kila digrii 30, pointi 13, huwa unapatikana. Tunaunganisha nukta, tunachukua alama zetu, na hakuna anayejua kwa nini sin (x + 30) imesonga kushoto. Maelezo ya video yanachukua dakika 2.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuwaringia. Lakini kazi inayonilisha ni kusongesha, kubana na kuvuta mawimbi ya sauti na picha. Msituambie hesabu haina kazi mtaani. Iko na kazi, mliificha tu nyuma ya sheria za kukariri.

Walimu, mwanafunzi akiuliza "kwa nini," hakosi adabu. Hapo ndipo hesabu inaanza. Mjibuni.