Status za "Uhaka" Zinakimbia, Nani Anazisoma?

Kuna dogo mmoja wa Morotonga, wilayani Serengeti, jina linahifadhiwa. Status zake ni kioo cheusi na maandishi ya kijani yanayoporomoka kama mvua. Wadau wanamwita haka. Tayari kuna watu wazima wanaomtumia hela awarudishie akaunti zao zilizoibiwa.

Ukweli usemwe tu. Anachoposti ni cmatrix, programu ya bure inayoingia kwenye Termux kwa amri moja. Kazi yake ni kupamba kioo, basi. Hakuna akaunti inayorudi kwa njia hiyo, hela za watu zinaliwa kiulaini.

Mtaa huohuo yupo binti ambaye hajawahi kuposti kompyuta. Yeye amri ikimwaga mistari elfu, haiachi ikimbie. Anaongeza mstari wima na less mwishoni, mfano pkg list-all | less, na majibu yanasimama ukurasa kwa ukurasa. Spesi anasonga mbele, b anarudi nyuma. Akitaka neno fulani anaandika / na neno lenyewe, anabonyeza Enter, kisha n inampeleka lilipojitokeza tena. q anatoka. Amri ikigoma, anaweka 2>&1 kabla ya mstari wima, maana ujumbe wa makosa una njia yake na bila hivyo less haiupati. Hapo ndipo wengi hupigwa chenga: mara nyingi kosa la kwanza ndilo limezaa mengine yote, na lenyewe liko juu huko, limeshapita.

Wala si teknolojia ya juzi. Programu ya more ilitoka Berkeley, Marekani, mwaka 1978, na ilikuwa inasonga mbele tu. Mark Nudelman akaandika less kati ya 1983 na 1985 ili msomaji aweze kurudi nyuma. Jina lenyewe ni utani wa kuichokoza more.

Dogo anatafuta kiki, umri wake unaruhusu. Wa kushangaza ni wanaomlipa bila kumuuliza swali hata moja, halafu binti wanamwita akitakiwa kutoa kopi za barua. Mbona kumpima fundi ni rahisi? Asimamishe kioo, arudi juu, aelezee mstari mmoja tu.

Juzi kuna mteja alimuuliza dogo hivyohivyo chini ya status. Jibu lilikuwa emoji ya miwani nyeusi.