Ngojangoja ya vifurushi yawatia hasara wakulima, wafanyabiashara Mara

MKULIMA wa bustani kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya mji wa Musoma, si kila mara anaangushwa na jua au wadudu. Wakati mwingine anaangushwa na sili ya pampu, kipande cha mpira ambacho bei yake haifikii hata nauli ya kwenda Mwanza. Sili ikikatika mwezi Agosti, nyanya zikiwa zimeanza kutoa maua, mkulima huyo hupiga simu kwa muuzaji Dar es Salaam, hutuma fedha kwa simu, na muuzaji hukifunga kifaa na kukipeleka kwa msafirishaji. Fedha hufika kwa sekunde chache, pamoja na ujumbe wenye namba ya kumbukumbu. Kifaa ndicho kisichojulikana kilipo.

Siku ya tatu anaambiwa kipo njiani. Siku ya tano anaambiwa asubiri gari la kesho. Ikifika siku ya nane, anamwagilia kwa ndoo yeye na watoto, na sehemu kubwa ya shamba imeshanyauka. Siku ya kumi anapigiwa simu kwamba mzigo wake upo, na kumbe ulikuwa umekaa stoo siku nne.

Watu wengi wanapolalamikia usafirishaji wa vifurushi husema tatizo ni kuchelewa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mkulima huyu angeambiwa siku ya pili kwamba sili itachukua siku kumi, angepanda basi asubuhi kwenda Mwanza, akanunua nyingine na kurudi jioni, hata kama ni kwa bei ya juu. Kilichoua nyanya zake ni lile neno "kipo njiani", ambalo halimpi mtu sababu ya kuacha kusubiri wala tarehe ya kusubiria. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika kilimo huumiza pia mfuko.

Hali ya mfanyabiashara mdogo wa Bunda haina tofauti kubwa. Akikopa Sh600,000 kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ili aagize vitenge au vipuri vya pikipiki, riba yake ni Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh1,000 kila siku. Mzigo ukilala mahali siku 12, ameshapoteza Sh12,000 kabla hajafungua boksi, na huenda fedha hiyo inazidi gharama aliyolipia usafiri. Wateja waliolipa kitangulizi wanaanza kumtazama kwa jicho la wasiwasi. Baadhi yao hawarudi tena.

Kwa nini vifurushi vya Mara vinapotea machoni? Sababu moja ni ramani yenyewe. Barabara kuu kutoka Mwanza hupita Bunda, ikafika Makutano, kisha ikaendelea Tarime hadi mpakani Sirari. Mji wa Musoma uko pembeni, upande wa ziwa, na Butiama iko upande wa pili. Basi la Sirari si lazima liingie Musoma mjini. Kifurushi kilichoandikwa "Mara" tu, au kilichopakiwa chini ya mizigo ya Tarime, kinaweza kupita Bunda usiku wa manane wakati wakala amelala, kikavuka Makutano na kwenda kulala mpakani. Kesho yake kinaanza safari ya kurudi, na hapo hakuna tena anayekihesabu kuwa ni chake.

Butiama ina mkanganyiko wake wa ziada. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Musoma Vijijini, na wapo watumaji ambao kwa mazoea bado wanaandika "Musoma" kwa mtu aliyeko Kiabakari au kijijini kwa Mwalimu. Mzigo unafika Musoma salama salimini, lakini mwenyewe anausubiri kwingine.

Sababu ya pili ni imani potofu kuhusu namba ya ufuatiliaji. Wengi hudhani kuna mtambo unaokitazama kifurushi kutoka juu. Hakuna. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili zinazoonyesha aina ya huduma, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, mfano TZ kwa Tanzania au CN kwa China. Namba hiyo husema tu kile ambacho binadamu ameingiza. Mfanyakazi akiichanganua kwa mashine kifurushi kinapoingia, taarifa inaonekana. Asipofanya hivyo, kwa sababu umeme umekatika, mtandao uko chini au foleni ni ndefu, skrini inabaki na habari ya wiki iliyopita. Ndiyo maana mtu anaweza kuona mzigo wake "umeondoka Guangzhou" huku uko Dar es Salaam ukisubiri taratibu za forodha, na akaendelea kuona hivyo hivyo hata siku anayokwenda kuuchukua.

Halafu lipo suala la sanduku la barua. Nchini mwetu posta haikuzoea kupeleka mzigo hadi mlangoni kwa kila mtu. Mwananchi wa kijijini hutumia sanduku la shule, la kanisa au la chama cha ushirika. Karatasi ya kumjulisha kwamba ana kifurushi inawekwa kwenye sanduku hilo, na inangoja mwenye ufunguo aende mjini, akumbuke kuipeleka, na amkute mhusika. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi nchi nzima, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Kazi hiyo itakuwa na faida ya kweli kwa mfanyabiashara wa Bunda siku ambayo namba iliyoko mlangoni mwake itamleta mtu mwenye boksi mkononi.

Ni haki kusema pia kwamba wasafirishaji wana yao. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi Januari 1, 1994 baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa, limebebeshwa jukumu la kufika hata kule ambako biashara hailipi. Mwenye basi hana jukumu hilo. Yeye hupeleka mzigo kule ambako gari lake linakwenda. Ndiyo maana wakulima wengi wamehamia kwenye mabasi. Wamepata kasi, lakini mara nyingi wamepoteza kumbukumbu: risiti ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, na nyuma yake kuna maneno madogo yanayosema kampuni haihusiki na mzigo utakaopotea au kuharibika.

Haihusiki kwa sheria gani? Huduma ya kusafirisha vifurushi inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anayeifanya kama biashara anatakiwa kuwa na leseni, basi likiwemo. Inashangaza kuona mfanyabiashara anayeikimbilia TCRA mara moja akikatwa salio la simu, lakini akipotelewa na boksi la Sh400,000 anarudi nyumbani akimwachia Mungu. Utaratibu ni ule ule: malalamiko yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na asiporidhisha yapelekwe kwa mamlaka. Kwa mizigo ya posta kutoka nje ya nchi, muda wa kufungua madai ni miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutumwa, na kwa kawaida anayedai ni mtumaji kupitia posta ya kwake. Kwa hiyo mnunuzi wa Musoma anayesubiri kwa subira mwezi wa saba hana tena wa kumdai, na aliye mwezi wa pili ambane muuzaji aliyeko ng'ambo sasa.

Mtumaji naye hana budi kujisaidia. Jina la mji wa kushukia, yaani Bunda, Makutano au Musoma mjini, liandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la mkoa. Namba za simu ziwe mbili, nje ya boksi na ndani yake pia, kwa sababu karatasi ya juu huchanika. Thamani ya mzigo itajwe kwenye risiti, na risiti ipigwe picha palepale kaunta. Anayetuma vifaranga vya siku moja au chanjo ya mdondo asimkabidhi konda kabla hajazungumza na atakayepokea na kujua gari litafika saa ngapi, kwani boksi la vifaranga halina siku ya nne stoo.

Lakini mzigo mkubwa wa lawama unabaki kwa anayelipwa kubeba. Kumtaarifu mteja hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, mwananchi wa kawaida amezoea kupata ujumbe kila fedha yake inapohama. Wakala wa vifurushi pale stendi ya Bunda ana simu mkononi na daftari mezani. Daftari hilo tayari lina safu ya jina, safu ya namba ya simu na safu ya sahihi ya aliyechukua. Iongezwe safu ya saa mzigo ulipoingia, na nyingine ya saa mwenyewe alipopigiwa, na msimamizi wake aikague hiyo ya mwisho kila jioni kabla ya kufunga mlango.