Chai ya artemisia si dawa mseto

Ndugu mwandishi anadai viwanda vinatuuzia kama dawa ya malaria jani la artemisia tunaloweza kulichemsha wenyewe, na anamwita Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyegundua artemisinini, shahidi wake. Shahidi huyo anamruka. Mwaka 1971 huko Beijing, timu yake ilikuwa imechoshwa na matokeo yanayoyumbayumba. Aliporudia maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuta jani linalowekwa majini na kukamuliwa, halipikwi. Akahamia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, ili joto lisiiharibu dawa. Oktoba, sampuli namba 191 ikafyeka vimelea vyote vya malaria katika panya waliojaribiwa.

Artemisinini, dawa iliyomo ndani ya jani hilo, haipatani na maji. Kikombe kimoja cha chai kitakuwa nayo kiasi, kingine karibu hakuna, kutegemea mbegu, udongo na ukaushaji. Homa inashuka, mgonjwa anashangilia, vimelea vilivyosalia vinazaliana. Ndiyo maana kidonge cha dawa mseto kina lumefantrini pia: artemeta, inayotokana na artemisinini, inapiga haraka na kutoweka mwilini baada ya saa chache, mwenzake anabaki siku kadhaa akimalizia masalia. Lumefantrini haimo kwenye jani, hata ulichemshe usiku kucha.

Kuhusu bei ya dawa hiyo, nakubaliana naye. Hasira zake angezielekeza huko.