Nakala Mbili za Ujumbe Mmoja: Gharama Iliyojificha Katika Mawasiliano ya 5G

TANGU huduma za mawasiliano ya kizazi cha tano (5G) zianze kutolewa nchini mwaka 2022, mjadala mwingi umejikita katika kasi ya intaneti. Kasi ni sehemu moja tu ya ahadi ya teknolojia hiyo. Sehemu nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni uwezo wa kufikisha ujumbe mfupi kwa uhakika wa hali ya juu na bila kuchelewa, kwa ajili ya mitambo ya viwandani, kreni za bandarini zinazoongozwa kwa mbali na vifaa vya kulinda gridi ya umeme.

Kigezo kilichowekwa na Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) mwaka 2017 ni kikali. Ujumbe wa baiti 32 unatakiwa kufika ndani ya milisekunde moja, na katika kila jumbe 100,000 usipotee zaidi ya mmoja. Muda huo ni mfupi mno kwa mtandao kusubiri, kugundua kuwa ujumbe umepotea na kuutuma upya mara kadhaa.

Suluhisho lililoingizwa katika viwango vya kimataifa vya 3GPP, kuanzia Toleo la 15 la mwaka 2018, ni kutuma pakiti moja ya data katika nakala mbili kwa njia mbili tofauti. Mfano wake ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetuma nyaraka muhimu Arusha kwa mabasi mawili, moja likipita Segera na Moshi, jingine likipita Dodoma na Babati. Nakala itakayotangulia ndiyo itakayotumika, na ya pili itatupwa.

Hesabu yake inavutia. Iwapo kila njia hupoteza pakiti moja katika 1,000, uwezekano wa njia zote mbili kupoteza pakiti ileile ni mara moja katika 1,000,000. Hata hivyo, hesabu hiyo ni sahihi pale tu njia hizo zinapokuwa hazitegemeani. Mabasi yale mawili yakipitia Chalinze, barabara ikifungwa kabla ya hapo yote yatakwama. Vivyo hivyo, nakala mbili zinazotoka katika mnara mmoja hazina msaada umeme wa mnara huo unapokatika.

Gharama nayo si ndogo. Katika mfano huo, mara 999 kati ya 1,000 nakala ya kwanza ingetosha, lakini masafa yametumika maradufu. Toleo la 16, lililokamilika mwaka 2020, liliruhusu hadi nakala nne. Masafa yanayobeba nakala isiyohitajika ni masafa ambayo mtumiaji mwingine, pengine mwanafunzi anayesoma kwa njia ya mtandao, ameyakosa.

Ndiyo maana kazi kubwa ya wataalamu sasa ni kupunguza nakala bila kupunguza uhakika. Zipo njia tatu zinazostahili kufahamika. Ya kwanza ni kuwasha na kuzima unakili kwa amri fupi ya mtandao, ili nakala itumwe tu pale mawimbi yanapodhoofika. Ya pili ni kufuta nakala iliyo bado kwenye foleni mara tu nyingine inapothibitishwa kufika, ingawa katika mawasiliano ya milisekunde moja uthibitisho huo mara nyingi huja nakala ikiwa imekwisha kuondoka.

Njia ya tatu, iliyoingizwa katika Toleo la 17 la mwaka 2022, inazingatia uvumilivu wa mtambo wenyewe. Mitambo mingi inaweza kukosa ujumbe mmoja na kuendelea na kazi. Hatari hutokea ujumbe unaofuata nao unapopotea. Kwa hiyo kifaa hutuma nakala moja katika hali ya kawaida, na kikipata taarifa kwamba ujumbe umeshindwa kufika, unaofuata hutumwa kwa njia zote zilizoandaliwa. Gharama ya ziada hulipwa katika dakika ya hatari pekee.

Jambo hili linamhusu mwananchi kwa sababu masafa ni rasilimali ya umma yenye ukomo. Mwezi Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa ya bendi za 700, 2300, 2600 na 3500 MHz. Kila megahezi iliyotolewa inatarajiwa kuleta manufaa. Kinga ya nakala ina nafasi yake pale ambapo ujumbe uliopotea unaweza kumjeruhi mfanyakazi au kuzima umeme wa mji. Haina sababu ya kuwepo kwenye video ya burudani, ambayo inaweza kusubiri.

Hivyo basi, linapotangazwa kwamba mtandao fulani ni wa uhakika, ni vyema kuuliza maswali matatu: uhakika huo ni wa kiwango gani, umepimwa ndani ya muda gani, na umegharimu masafa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonesha iwapo rasilimali ya Taifa imetumika kwa busara.