Kambi za Michezo Wakati wa Mbalamwezi: Wito kwa Wakazi wa Kigoma, Ujiji na Mialo ya Tanganyika

Kambi ya michezo ni siku chache ambazo vijana hukusanywa mahali pamoja wacheze, wafundishwe na kula pamoja chini ya uangalizi wa watu wazima. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, wanaoihitaji zaidi ni wale wasiofikiwa na michezo ya shule. Mashindano ya UMITASHUMTA ni ya shule za msingi na UMISSETA ni ya sekondari. Kijana wa miaka 15 aliyeacha masomo akaingia kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, katika mwalo wa Kibirizi au Katonga hana mashindano yake. Vivyo hivyo binti anayeanika dagaa tangu asubuhi, na yule aliyekatishwa masomo na ujauzito. Watu wazima wanaoishi nao wanaombwa watoe muda wao ili kambi hizo ziwepo, na ziwepo siku ambazo vijana hao wanaweza kuja.

Siku hizo hupangwa na ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huishinda taa, dagaa hutawanyika na vipe hubaki ufukweni. Kambi iliyopangwa wakati wa giza humkuta kijana amelala mchana baada ya kukesha majini. Iliyopangwa wakati wa mbalamwezi humkuta ana nafasi, na mara nyingi hana la kufanya. Mratibu akitazama kalenda ya ofisi peke yake, atawapata wanafunzi tu. Nafasi nyingine hutokea ziwa linapofungwa: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, lilifungwa kwa uvuvi kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi hiyo ilijumuisha pia likizo ya shule ya Juni. Kila zuio la namna hiyo linapotangazwa, maandalizi ya kambi yaanze siku hiyo hiyo.

Hamasa ya soka haijapungua Kigoma. Mkoa huu ndio uliomlea kipa Juma Kaseja. Tarehe 25 Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ikaifunga Yanga bao 1-0, na tangu msimu wa 2023/24 klabu ya Mashujaa imeileta Ligi Kuu nyumbani. Chandimu huchezwa viwanjani kila jioni, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Kinachokosekana kando ya viwanja hivyo ni mtu mzima anayejua majina ya wachezaji na anayeuliza kwa nini fulani hajaonekana wiki hii.

Kazi hiyo haihitaji cheti cha ukocha. Vijana 60 wakigawanywa makundi manne, kila kundi huhitaji anayefundisha na msaidizi wake; waliobaki ni wapishi, muuguzi, seremala wa kutengeneza magoli, fundi cherehani wa kushona jezi, na mwenye bodaboda wa kukimbiza majeruhi hospitali. Mama lishe anayejua kupikia watu wengi ugali na migebuka ana thamani kambini sawa na kocha.

Kenya imeonyesha jinsi kujitolea kwa namna hii kunavyoweza kukua. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa mpira na usafi wa mtaa: timu ilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka kama ilivyozipata kwa kushinda. Klabu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Waliobeba kazi kubwa walikuwa vijana wenyewe wa Mathare, wakiwafundisha wadogo zao.

Ulinzi wa watoto hauna mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama anajipatia riziki au ameshazaa. Kwa hiyo kila anayejitolea atambuliwe na serikali ya mtaa au kijiji, asikae faragha na mtoto mmoja, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe mapema. Namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure, ibandikwe mahali panapoonekana.

Mabinti wasialikwe kutazama tu. Uwanja wa netiboli uwe na saa zake, mazoezi yaishe kabla ya magharibi, wasimamizi wanawake wawepo, pedi zipatikane bila kuombwa, na mwenye mtoto mchanga apate wa kumshikia. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi shuleni. Kambini ndipo mwalimu anaweza kumweleza binti utaratibu huo bila kumwaibisha.

Kuogelea kufundishwe pia, pale ambapo wenyeji wana hakika hapana mamba, kwa kuwa wanaofanya kazi majini usiku wanastahili kujua kujiokoa.

Kambi ikiisha, mipira ibaki mtaani kwa mtu anayeaminika, na kila aliyejitolea atenge jioni moja kwa wiki hadi mbalamwezi inayofuata. Anayetaka kuanza aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji chake, au kwa afisa michezo wa halmashauri, aandikishe jina, kazi anayoiweza na siku anazoweza kuja.